Radhi ya Konde

Tangazo lilipita Jumanne asubuhi kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya gari ya mradi wa maji. Jumamosi kila mkulima wa bonde la Mwakizongo asimame kwenye konde lake, kitambulisho mkononi. Atapigwa picha hapo hapo, ataweka kidole, atapewa nambari. Konde litakalokutwa halina mtu litahesabiwa la serikali na atapewa mwengine. Gari ikageuza, ikarudi kusema tena, maana watu wa mradi walikuwa waungwana na hawakutaka mtu aje kulalamika kwamba hakusikia.

Mwanapili alisikia vizuri sana. Alikuwa amekaa juu ya mkeka chumbani, mlango umerudishwa, siku ya hamsini na tisa ya eda yake. Mumewe, Ayoub, alikuwa na miezi miwili kaburini, na ilibaki miezi miwili na siku zake kabla mkewe hajaruhusiwa kuvuka kizingiti.

Na konde lilikuwa lake yeye, tuelewane mapema. Halikuwa la Ayoub, ambaye umri wake wote alikuwa fundi wa baskeli Bububu na mpunga aliujua ukishakuwa wali. Mwanapili alikatiwa konde lile kwa jina lake miaka ishirini na sita nyuma, binti yake Ulfat akiwa mgongoni, na alililima kwa mvua ya Mungu. Mvua ikija alikula, isipokuja alinunua mchele wa dukani na kunyamaza. Sasa mfereji wa saruji umekwisha. Maji yatapita masika na kiangazi, na mpunga utavunwa mara mbili kwa mwaka. Atakayepata nambari chini ya mfereji kapata. Atakayekosa atapelekwa juu, kwenye uwanda wa mawe, akaendelee kutazama mawingu.

"Nnakwenda," alimwambia Ulfat, aliyekuja asubuhi ile kutoka Bububu alikoolewa. "Nnakwenda saa mbili, saa nne nisharudi. N'tajifunika."

Wifi yake Sichana, dada wa marehemu, alikuwa kizingitini anachambua mchicha. Hakunyanyua kichwa. "Kwenda wapi?"

"Bondeni, hiyo Jumamosi."

"Na eda?"

"Eda nimo, wifi. Ni saa mbili tu za mchana."

Sichana aliweka ungo chini taratibu. "Ndugu yangu hajafika siku mia chini, mkewe anakwenda kupigwa picha. Na wanaume wa mjini. Haya, nenda. Mie nani wa kusema? Mie nshakatazwa kusema katika nyumba hii."

Hakuna aliyemkataza kitu. Lakini mwanamke akishasema kakatazwa kusema, basi kasema ya wiki nzima, na yote yalimwingia Mwanapili.

"Si tumuulize Mwalim Hafiz," Ulfat alisema. "Nasikia mwenye eda huruhusiwa kutoka mchana akiwa na dharura."

"Dharura ni kuumwa, mwanangu," shangazi yake alimjibu. "Mpunga si dharura."

Hapo ndipo Mwanapili alipokosea, na nitalisema bila kumwonea haya. Suala la dini hakulipeleka msikitini, alilimaliza jikoni. Lakini atakayemcheka aje kwanza akae Mwakizongo. Pale eda ya mwanamke haitazamwi na masheikh, inatazamwa na mawifi. Mjane akionekana njiani haulizwi katoka kwa hoja gani ya kitabu, anaulizwa anamfuata nani. Mwanapili alikuwa na miaka hamsini na mbili, na aibu ya namna hiyo aliiogopa kuliko njaa, kwa sababu njaa alishawahi kuiona na aibu bado.

"Basi Ulfat atanisimamia," alisema.

"Na mie n'takuwepo," alisema Sichana, akaurudia mchicha wake. "N'na konde mie? Langu si lishakuwa mfereji."

Na hilo pia lilikuwa kweli. Mfereji mkuu ulipita katikati ya konde la Sichana, ukaacha vipande viwili ambavyo hata kuku hawezi kutagia. Aliahidiwa jengine kwa maneno ya mdomo na bwana mmoja aliyekwishahamishiwa Pemba.

*

Jumamosi bonde zima lilikuwa limesimama. Watu mia tatu na arobaini, kila mmoja katikati ya konde lake, wamevaa nguo za Idi kwa sababu ya picha. Karani wa mradi, kijana aitwaye Anuar, alipita kutoka tuta hadi tuta na viatu vyake vya mvua, tableti kaibana kwapani. Alifika kwenye konde la Mwanapili karibu na adhuhuri.

"Jina?"

"Ulfat Ayoub. Namsimamia mama yangu."

Anuar akakitazama kitambulisho. "Hiki cha Bububu."

"Nimeolewa huko."

"Basi wewe si mkaazi wa shehia hii. Mfumo hautakukubali."

"Mie siandikishi langu. Andika la mama."

"Mfumo unamwandika aliyesimama." Akamgeuzia kioo aone. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Yumo edani."

Anuar alisikitika, na alisikitika kweli. Mama yake mwenyewe alikaa eda mwaka ule uliopita. "Mungu amrehemu mzee," alisema. "Lakini humu hamna pa eda. Mna yupo na hayupo. Nikibonyeza hayupo, konde linakwenda."

"Usibonyeze kwanza."

"Dada, nina makonde sitini bado, na jua ndilo hilo."

Sichana alikuwa ameinama kwenye tuta la jirani, kaja kutazama tu, hana konde la kusimamia. Akavuka na kanga zake akizinyanyua zisiguse tope. "Niandike mie," alisema. "Mie mkaazi, kitambulisho ninacho. Konde la nyumba yetu hili, wifi yangu asije akalikosa nami nipo."

Ulfat alimshika mkono shangazi yake akaubusu. Sichana akasimama katikati ya konde, akavuta mtandio vizuri, akapigwa picha. Akaweka kidole. Karani akamkatia karatasi yenye nambari mia na kumi na saba na jina Sichana Mabrouk.

Wala saa ile hakuwa na nia mbaya, wallahi. Alimwokolea kweli. Nia mbaya ilikuja jioni, alipokuwa peke yake na karatasi ile, akalisoma jina lake mara ya tatu na ya nne, akakumbuka kwamba mwaka huu yeye hana pa kupanda hata bua moja. Akaikunja karatasi akaitia ndani ya msahafu. Kwa Mwanapili alipeleka salamu kwamba mambo yamekwenda vizuri.

*

Orodha ilibandikwa ukutani kwa sheha siku ya mia na tatu ya eda. Ulfat aliipiga picha kwa simu, akamletea mama yake, akaikuza kwa vidole viwili.

"Soma," alisema Mwanapili.

"Mia na kumi na saba. Sichana Mabrouk. Ke."

"Na jina langu?"

Ulfat alishuka hadi ukurasa wa mwisho. Ulikuwa na kichwa chake cha habari: Wakulima wa mvua, nje ya eneo la maji. Mwanapili Ahmada alikuwa wa nne kutoka chini. Chini kabisa kulikuwa na maneno mengine, kwamba mwenye malalamiko afike mbele ya kamati Alkhamisi ijayo, yeye mwenyewe, na baada ya hapo orodha itafungwa.

Sichana aliitwa. Alikuja kesho yake na mkate wa mofa, akakaa.

"Kwani jina lina nini?" alisema. "Nisingesimama mie, konde lile leo lingekuwa la mke wa katibu wa kamati. Hata ahsante sijapewa."

"Ahsante, wifi," Mwanapili alisema. "Sasa twende tukabadilishe."

"Tukabadilishe wapi? Washafunga."

"Hawajafunga. Wanafunga Alkhamisi. Wewe useme tu kwamba ulinisimamia."

Sichana aliumega mkate, akaushika mkononi bila kuula. "Langu wamelipitishia saruji, Mwanapili," alisema. "Miaka thalathini na moja nilikuwa nalo. Ulikuja kunipa pole?"

"Nilikuja. Tulikuja na Ayoub, usiku tukala kwako."

"Mlikuja, mkala, mkaondoka. Mie nikabaki na saruji." Akaurudisha mkate kwenye sahani. "Wewe una binti kaolewa vizuri. Atakulisha. Mie Nadir wangu hana kazi, na mkewe ana mimba ya tatu. Tulime pamoja, sikukatazi. Njoo uvune na sisi, utapewa chako."

"Nipewe changu katika konde langu?"

"Usinitolee macho. Mwenye eda hagombani." Na akaondoka, na ule mkate akauacha, maana hakuwa mchoyo.

*

Ulfat alikwenda mjini. Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani juu ya maduka ya Mlandege, na mlango wake wa tatu ulikuwa na kibao: Dawati la Wanawake, Wajane na Wenye Mahitaji Maalumu. Ulfat alipoisoma ile "wajane" moyo wake ulipoa kidogo. Ndani alimkuta afisa aitwaye Rukaiya, msichana mpole aliyemkaribisha kiti na kumpa maji ya chupa kabla hajauliza shida yake.

Rukaiya alisikiliza mpaka mwisho, na hilo si jambo dogo maofisini. Kisha akaandika nambari kwenye kompyuta.

"Mia na kumi na saba," alisema. "Mwanamke. Zaidi ya miaka hamsini na tano. Nzuri hii."

"Lakini siye mwenyewe."

"Nimekufahamu. Lakini ni mwanamke." Akaigeuza kompyuta amwoneshe michoro ya rangi. "Tulipewa lengo, katika kila makonde kumi manne yawe ya wanawake. Mwakizongo wamefika sita. Mabonde mengine tunawaambia waige kwenu. Sasa mie nikiandika kwamba konde hili lina matatizo, bonde lenu linashuka."

"Lishuke kwa nani? Mama yangu naye mwanamke. Tena mjane."

"Mjane." Rukaiya alikaa sawa. "Wajane wana kipaumbele. Ilikuwepo fomu yao ya kijani. Alijaza?"

"Ilikuwa inajazwa wapi?"

"Bondeni. Siku ile ile ya zoezi."

"Siku ile ile alikuwa ndani kwa sababu ni mjane," Ulfat alisema. "Mlitaka wajane waje kujaza fomu ya wajane siku ambayo wajane hawatoki. Hamkuwa na hata mtu mmoja humu aliyefiwa?"

Rukaiya akaigeuza kompyuta kumwelekea tena. Alikuwa mtoto wa Kiislamu wa Mpendae, bibi yake alikaa eda, shangazi zake walikaa eda, na fomu ile ya kijani aliitunga yeye mwenyewe kwa wiki mbili. Uso ulimwiva. Alifungua mtoto wa meza akaufunga.

"Kwa kweli hilo hatukulifikiria," alisema. "Nitaliandika kwenye mapendekezo ya mwakani. Lakini makonde siyagawi mie, inayagawa kamati. Mama aende Alkhamisi. Aende mwenyewe, wakili wala mtoto hawatampokea."

"Na eda?"

"Mwambie ni muhimu," alisema Rukaiya.

*

Kwa hiyo Mwanapili alivunja eda. Siku ya mia na kumi, Alkhamisi, saa tatu asubuhi, alivaa buibui juu ya nguo zake za eda, akajifunika uso wote, akatoka na binti yake. Njia ya kwa sheha ni ya dakika kumi. Wanawake watatu waliokuwa wanaanika nguo waliacha kuanika. Bi Duni, aliyekaa naye usiku wa msiba akashuhudia jinsi alivyolia, alirudi ndani akafunga mlango. Mwanapili aliyaona yote. Alijiambia, nikirudi na konde langu watanyamaza.

Kamati ilikaa barazani kwa sheha, wanaume watano na meza moja. Mwenyekiti alikuwa Mwalim Hafiz, mwenye madrasa, mtu mwenye ndevu safi na sauti ya upole. Pembeni alikaa katibu na daftari lake, na katika kiti cha mashahidi alikaa Sichana, kajitanda mtandio mweupe.

"Karibu, Bi Mwanapili. Pole na msiba. Tuambie."

Aliwaambia. Alianza na mwaka aliokatiwa konde, akataja waliokuwepo, akataja mipaka yake kwa majina ya majirani, akataja hata pembe ambayo maji hukaa na pembe ambayo hukauka. Alizungumza vizuri. Wawili katika wale watano walikuwa wanatikisa vichwa kumkubalia, kwa kuwa walimwona kila masika kwa miaka ishirini na sita kainama pale, na walijua.

"Siku ya zoezi ulikuwa wapi?" Mwalim Hafiz aliuliza.

"Nyumbani. Nilikuwa edani."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Alhamdulillahi, sikuwa mgonjwa."

"Tangazo ulilisikia?"

"Nililisikia."

"Eda yako inakwisha lini?"

"Bado siku ishirini."

"Kwa hiyo hata leo umo edani."

Mwanapili aliliona shimo, lakini mguu ulishaingia. "Nimo," alisema.

"Na umekuja."

Kisha katibu akasema, wala hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu aliyegundua hesabu imekaa sawa, "Kumbe kutoka unaweza."

Mmoja wa wajumbe alicheka puani. Mwanapili alihisi joto likimpanda kutoka miguuni. Alikaa ndani kwa ajili ya eda, akanyang'anywa. Akatoka nje ya eda, na kutoka kwenyewe ndiko kukawa ushahidi. Hakukuwa na siku ambayo mwanamke yule angefanya jambo wakamwambia amefanya sawa.

"Nimekuja kwa sababu nimedhulumiwa," alisema.

"Ndiyo. Na siku ile ungekuja usidhulumiwe." Mwalim Hafiz aliegemea mbele, akamsemesha kama anavyowasemesha watoto wake wa chuoni, pale madrasani. "Dini yetu nyepesi, Bi Mwanapili. Mwenye eda hutoka mchana kwa haja yake na kurudi. Ungeniuliza ningekujibu siku ile ile. Sisi hatukukuzuia, wala Mungu hakukuzuia."

"Mlijua nimo ndani. Wewe ndiye uliyemsalia Ayoub."

"Nilimsalia, Mungu amrehemu."

"Ungenitumia mtu, Mwalim. Hata mtoto wa chuoni akanambia njoo, si dhambi."

"Watu mia tatu na arobaini," alisema Mwalim Hafiz. "Kila mtu nimtumie mtu?"

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema katibu, akaandika. Alipomaliza alisoma kwa sauti: mlalamikaji amekiri kwamba alisikia tangazo, hakuwa mgonjwa, na hakuwa na kizuizi cha kisheria wala cha kidini. Wakamletea wino aweke kidole.

"Naye aliyesimama aseme basi," Ulfat alisema kutoka ngazini. "Shangazi, sema ulisimama kwa niaba ya nani."

Sichana alisimama. Alikusudia kusema neno jengine, na pengine angelisema kweli. Lakini alimtazama wifi yake kavaa buibui mbele ya wanaume watano, siku ishirini kabla ya wakati, na kilio kikampata ambacho hakikuwa cha uongo. "Mie sina la kusema kuhusu konde," alisema. "Nasema ndugu yangu leo kazikwa mara ya pili."

Basi. Habari ya konde ikaishia pale, ikaanza habari ya eda. Wale wawili waliokuwa wanatikisa vichwa wakaacha. Mwalim Hafiz akasema astaghfirullah, si mahala pake hapa, akamshauri Mwanapili arudi nyumbani upesi asije akaharibu zaidi, na kwamba juu ya uwanda kuna kipande chake cha mvua, akipende. Mwanapili akaweka kidole. Alipokiondoa karatasini hakuwa na cha kufutia, katibu akamwambia apanguse kwenye buibui tu, jeusi hilo, doa halitaonekana.

*

Alizimaliza siku zake ishirini ndani. Hakuna aliyezihesabu naye. Mwanamke akitolewa eda, watu wa mume huja kumkosha, huletwa nguo mpya na udi, hupikwa wali, husomwa dua. Mwanapili alikoshwa na binti yake peke yake, kwa maji ya kisimani. Alinunua mchele kilo tatu akaupika wote, kwa ajili ya watakaokuja. Mpaka adhuhuri alikuwa hajaja mtu.

Saa nane walikuja wanne kwa pamoja: Sichana, Bi Duni na majirani wawili. Mwanapili aliwaona kwa dirishani na moyo ukamruka kwa furaha, niseme ukweli wake. Alidhani wamemsamehe. Alitandika jamvi la wageni haraka, akawaambia karibuni, karibuni ndani, wali upo jikoni unakaukiwa maji.

Wakakaa. Wakamsomea marehemu Fatiha. Kisha Sichana akakohoa.

"Wifi, nimekuja na watu kwa sababu jambo lenyewe linataka mashahidi. Miche yangu ishafika shibiri, kesho kutwa maji yanafunguliwa. Nilikwenda kwa Mwalim Hafiz kumuuliza. Kanambia kwa kamati konde ni langu halina mjadala. Lakini kama mwenyewe wa zamani ana kinyongo moyoni, chakula chake kina shaka." Alishika kifua. "Mie mtu mzima, Mwanapili. Siwezi kuwalisha wajukuu zangu kitu cha shaka. Nataka unihalalishie."

Mwanapili hakufahamu mara moja. "Nikuhalalishie nini?"

"Konde. Useme umeniachia radhi, dunia na akhera."

"Mama, usiseme," Ulfat alisema. Alikuwa mlangoni na kata ya maji mkononi. "Konde wamechukua. Hicho hawakuweza kukichukua, ndiyo maana wamekuja kuomba. Usiwape."

"Wakubwa wakizungumza," alisema Bi Duni.

"Wakubwa gani? Mwenye haki ni mama yangu."

Na mtoto alisema kweli. Katika miezi minne na siku kumi ile, hicho ndicho kitu pekee kilichobaki mkononi mwa Mwanapili ambacho hakina nambari, na kamati haina uwezo nacho, na Sichana hawezi kulala bila ya kupewa. Mwanapili alikiona. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne ile ya kipaza sauti alijihisi ana nguvu. Alimtazama wifi yake machoni. "Sikuhalalishii," alisema. "Kale. Lakini ule unajua."

Jirani mmoja alianza kuokota nyuzi za jamvi.

Sichana hakukasirika. Aliinua macho, akatazama dari, akatazama mabati, akatazama ukuta ambao Ayoub aliupaka chokaa mwenyewe. "Nyumba hii ni ya ndugu yangu," alisema. "Hajaacha mtoto wa kiume. Kuna fungu la binti, kuna thumuni yako, moja ya nane, na lililobaki langu mie, hivyo ndivyo ilivyo kitabuni. Sijalitaja siku hata moja. Nadir ananiuliza kila siku, mama, tuiuze nyumba ya mjomba tugawane, nijenge. Namwambia subiri, wifi yangu yumo edani." Akamgeukia. "Leo eda imekwisha."

Mwanapili alimtazama Ulfat. Ulfat kwake Bububu alikuwa anakaa chumba kimoja na mume na watoto wawili, na mama mkwe nyuma ya pazia. Alijua, na mama yake alijua kwamba anajua. Neno alilokuwa nalo mdomoni, njoo ukae kwangu, hakuweza kulitoa kwa sababu halikuwa na mahala pa kulala.

"Nimekuhalalishia," alisema Mwanapili.

"Sikusikia," alisema Bi Duni. "Mimi shahidi, lazima nisikie."

"Nimekuhalalishia konde, dunia na akhera."

Sichana alikuwa analia. Alijisogeza juu ya jamvi mpaka magoti yao yakagusana, akamshika mikono yote miwili, na mikono yake ilikuwa ya moto. "Usinipe kwa hasira, wifi yangu," alisema. "Ya hasira haishiki. Nipe kwa roho safi. Sema kwa roho safi."

Ulfat alitoka nje. Walimsikia anayamwaga maji ya kata nyuma ya jiko.

"Kwa roho safi," alisema Mwanapili.

Bi Duni akasema amin, wenzake wakaitikia. Sichana akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akambusu wifi yake kwenye paji, na akauliza, kwa kuwa sasa walikuwa wamesikilizana, kama ule wali unaweza kupakuliwa.